UA HUFIA MGUUNI

Mazungumzo ya Kamati ya Ujenzi mbele ya mkutano wa wanachama



Maneno haya tuliyasema kwenye mkutano, na mkutano ukaagiza yaandikwe ubaoni ili wale waliokuwa shambani au safarini nao wayapate. Asiyejua kusoma asomewe na mwanawe. Tumeyaandika karibu kama tulivyoyasema, kwa hiyo msishangae kukuta humu "jamani" na "hebu".

Somo letu ni ua. Siyo lile ua la kunusa, bali ua wa nyumba: nguzo, fito na lango. Tutaeleza kwa nini ua wa miti huanguka upesi, na jinsi ya kujenga ua wa miti utakaodumu miaka mingi bila kumaliza msitu.

KWA NINI USHIRIKA UZUNGUMZE HABARI ZA UA

Mtu atauliza: Ushirika wetu ni wa machungwa na nazi, ua wa nyumba ya mtu unauhusu nini? Unauhusu sana. Miche ya michungwa tunaikuzia wapi? Uani. Mchicha, mnavu na bamia za watoto ziko wapi? Uani. Mbuzi mmoja akipenya alfajiri, kabla jua halijapanda amekwisha kula kazi ya miezi sita. Asubuhi mwenye miche na mwenye mbuzi hawasalimiani, na jioni watoto wao hawachezi pamoja. Kesi za namna hii tunazijua, hatuna haja ya kutaja majina.

Jambo la pili ni msitu wa juu ya chemchemi. Sisi wa huku Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki, tunaishi kwa maji yanayotoka kwenye msitu. Mito ya milima hii huingia Mto Zigi, na maji ya Zigi hunywewa mpaka Tanga mjini. Sasa hebu tazameni kando ya msitu wetu upande wa njia. Miti ya unene wa nguzo imekwisha. Anayetaka nguzo leo lazima apande juu zaidi, na kila anayepanda juu anakaribia jicho la chemchemi.

Tufanye hesabu kidogo. Tuseme ua una hatua 25 kwa 20. Kuuzunguka wote ni hatua 90. Ukiweka nguzo kila baada ya hatua 2, unahitaji nguzo 45. Kama nguzo hizo ni za mti hafifu zinazooza baada ya miaka 2, katika miaka 12 utajenga mara 6, yaani nguzo 270. Kama nguzo zako zinakaa miaka 12, utakata nguzo 45 tu. Tuseme kijiji kina nyumba 100 za namna hiyo. Kwa ua wa miaka 2, ni nguzo 27,000. Kwa ua wa miaka 12, ni nguzo 4,500. Tofauti yake ni miti 22,500, na hapo hatujahesabu fito wala siku za kazi.

Ndiyo maana tunasema habari za ua ni habari za maji. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya redio ya mwaka 1980 iliyoitwa Misitu ni Mali. Redio imenyamaza siku nyingi, lakini hesabu ni ile ile.

NGUZO HUOZEA WAPI

Mwenye ua ulioanguka ang'oe nguzo moja aitazame vizuri. Ataona nguzo ina sehemu tatu. Sehemu ya juu, iliyopigwa na upepo na jua, ni kavu na nzima. Ncha ya chini kabisa, iliyozama ardhini, mara nyingi nayo bado ina nguvu. Palipooza ni katikati, pale mti unapotoka ardhini, kama shubiri moja kwenda chini na vidole vichache kwenda juu. Pamekuwa kama sifongo, ukibonyeza kwa kidole panabonyea.

Sababu yake ni hii. Kinachoozesha mti ni kuvu, ule ukungu mweupe au wa kahawia unaouona kwenye magogo. Kuvu ni kiumbe hai, anahitaji chakula, maji na hewa. Chakula chake ni mti wenyewe. Juu ya nguzo kuna hewa lakini maji hakuna, mvua ikinyesha jua linakausha. Chini sana kuna unyevu lakini hewa ni haba. Pale usawa wa ardhi vyote viwili vipo pamoja, mwaka mzima.

Mchwa naye anaingilia hapo hapo. Mchwa wanaotusumbua wanatoka udongoni. Hawapendi mwanga wala hewa kavu, ndiyo maana wanajenga vile vijia vya udongo kupanda juu ya nguzo. Mti ukigusa udongo, umewafungulia mlango.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, shikeni neno moja tu hata kama mengine mtayasahau: UA HUFIA MGUUNI. Nguvu zako, fedha zako na mti wako mzuri, weka mguuni. Huku juu hata mti hafifu utadumu, mradi usiguse udongo na usikae na maji.

MTI GANI UFAE KWA NGUZO

Kata mti wowote uangalie kichwa chake. Nje kuna weupe, ndani kuna kiini chenye rangi. Weupe ndio unaopitisha maji ya mti ukiwa hai, na ni chakula kitamu cha mchwa na kuvu. Hakuna mti ambao weupe wake unadumu ardhini, hata uwe mpingo. Kinachodumu ni kiini.

Miti yenye kiini kigumu tunaijua: mkongo, mvule, mninga, mpingo, na mtiki ambao wengine huuita msaji. Lakini mkongo, mvule, mninga na mpingo ni miti ya mbao za thamani na inakua polepole sana. Kuikata porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na hata pasipokuwa na sheria, kuchukua mvule wa miaka mingi ukauzike uani ni hasara. Mikoko ya pwani nayo ni hifadhi, tusiende kuitafuta.

Unaobaki ni mtiki. Mti huu si wa asili ya hapa. Uliletwa nchini wakati wa utawala wa Wajerumani, na sisi tunaufahamu kwa sababu ya shamba la serikali la Longuza lililo katika wilaya yetu. Wapo wanachama walioupanda kwenye mipaka ya mashamba yao. Ila angalieni: mtiki mchanga una weupe mwingi na kiini kidogo. Ukinunua nguzo, tazama kichwa chake kwanza. Kama kiini ni kidogo kama bilauri na kilichobaki ni weupe, hiyo ni ya juu, siyo ya mguuni.

Mkaratusi, msonobari, mjohoro mchanga na milingoti ya mkonge tusiidharau. Ni mizuri kwa sehemu za juu, yaani mapao na fito. Ardhini haikai.

KUTAYARISHA NGUZO

Kwanza, kata wakati wa kiangazi. Mzee mmoja alitukumbusha mkutanoni kuwa watu wa zamani hawakukata boriti mwezi ukiwa mpevu. Hatugombani na wazee. Mwenye kufuata mwezi afuate, lakini asiache kukausha.

Pili, menya gamba siku hiyo hiyo. Gamba linafunika unyevu na linawaficha wadudu wanaotaga chini yake. Gamba likibaki, nguzo inaanza kuoza kabla hujaisimamisha.

Tatu, chonga weupe kwa shoka au tezo kwenye ile sehemu itakayozama na shubiri mbili juu yake. Usiogope nguzo kuwa nyembamba. Kiini cha inchi 4 kinashinda nguzo ya inchi 6 yenye weupe.

Nne, kausha. Panga nguzo kivulini juu ya mawe au magogo, zisiguse ardhi, na kati ya nguzo na nguzo acha nafasi ya upepo. Miezi 3 mpaka 6, kufuatana na unene. Nguzo mbichi itanywea ndani ya shimo na kuacha ufa pembeni, na ufa huo utajaa maji.

Tano, kichwa cha nguzo kikate mshazari, ili mvua iteremke. Kichwa cha bapa hushika maji kama sahani. Mwenye kipande cha bati apige kofia.

Kijana mmoja aliuliza: je, ni kweli nguzo ikisimamishwa kichwa chini, miguu juu, haiozi? Wengi wanaamini hivyo. Kinachoamua ni kiini, ukavu na udongo usiotuamisha maji, na hayo hayabadiliki kwa kuigeuza nguzo. Upande wenye kiini kinene zaidi ndio uende chini.

HABARI ZA DAWA

Hapa tunaomba masikio yenu, maana kuna mambo ya afya.

Kuchoma mguu wa nguzo motoni ni desturi ya miaka mingi. Moto unakausha na kuua wadudu waliomo, lakini makaa yenyewe yana nyufa, na kuvu anapita humo. Kuchoma peke yake hakutoshi, na ukichoma sana unapunguza unene wa nguzo yako mwenyewe.

Majivu shimoni yanafukuza mchwa kwa siku chache tu. Mvua ikinyesha, kazi yake imekwisha.

Oili chafu ya gari tunashauri iachwe. Inakaa juu juu ya mti, haiingii ndani vya kutosha, na iliyobaki inazama udongoni. Ina masizi na madini yaliyosagika ndani ya injini. Uani ndiko tunakopanda mboga, ndiko kuku wanakodonoa, na kwa wengine ndiko kilipo kisima. Hatuwezi kuokoa nguzo kwa kuharibu maji.

Zipo nguzo zilizowekewa dawa kiwandani, ambazo rangi yake ni kama kijani. Hizo dawa yake imesukumwa kwa mgandamizo mpaka ndani, na zinadumu sana. Lakini dawa inayotumika mara nyingi ina shaba, kromi na aseniki, na aseniki ni sumu. Kwa hiyo mwenye kuzinunua azingatie mambo matatu. Ukiikata, upande uliokatwa usiende ardhini, maana dawa haikufika katikati. Vipande na unga wake usiutupie kuku wala usitengenezee hori la ng'ombe. Na la tatu ni kubwa kuliko yote: USIPIKIE. Akina mama, kipande cha nguzo ya dawa hakiingii jikoni hata siku kuni zimekwisha. Moshi wake ni sumu na majivu yake ni sumu. Vilevile nguzo kuukuu za umeme au za simu zilizopakwa dawa nyeusi inayonuka kama lami: hazipikiwi chakula.

MPAKA KWANZA, SHIMO BAADAYE

Kabla ya kuchimba, mwite jirani. Simameni pamoja mpakani, pigeni mambo mbele ya mashahidi wawili na mfunge kamba. Ua unaodumu ukijengwa mahali pabaya ni ugomvi unaodumu. Mkishindwa kuelewana, lipo Baraza la Ardhi la Kijiji, kazi yake ndiyo hiyo ya kusuluhisha. Wala usijenge ukafunga njia ya watu ya kwenda mtoni.

Kamba ikishafungwa, weka alama ya shimo kila hatua 2. Ukiacha hatua 3, mapao yatapinda katikati na mbuzi watayapanda. Penye lango na penye kona weka nguzo nene kuliko nyingine zote.

KUCHIMBA NA KUSIMAMISHA

Kwa ua wenye kimo cha futi 5, shimo liwe futi 2 na zaidi kidogo. Kona na lango yawe futi 3. Tumia mtaimbo na kopo, shimo liwe jembamba. Shimo pana kama la kupandia mnazi litakupa kazi bure ya kushindilia.

Chini ya shimo tia kokoto au mawe madogo, unene wa vidole vinne. Maji yakiingia yapate pa kwenda. Simamisha nguzo, pima kwa timazi. Asiye na timazi afunge jiwe kwenye uzi. Rudisha udongo kidogo kidogo, kila shubiri moja ushindilie kwa mti mzito mpaka mlio wake ubadilike. Watu wengi humwaga udongo wote mara moja kisha wanakanyaga juu kwa miguu. Hiyo si kushindilia, ni kudanganya nguzo.

Mwisho, inua udongo kuizunguka nguzo uwe kama kichuguu kidogo, shindilia, maji yakimbie nje. Pasibaki kijishimo cha kutuamisha maji.

Wenye uwezo wanapenda kumimina zege. Zege si baya, lakini likifunga chini kama kikombe linashika maji na mti unaoza ndani yake. Ukitumia zege, mguu wa nguzo usimame juu ya kokoto, zege lizunguke pembeni tu, na juu yake literemke kwa nje.

Kona ziwekewe mhimili. Ua ukivutwa, kona ndiyo inayobeba uzito wote. Kona ikiinama, ua mzima unaifuata.

MAPAO, FITO NA LANGO

Mapao ya kulala yawe mawili kwa ua mfupi, matatu kwa ua wa futi 5. Hapo unaweza kutumia mkaratusi au msonobari. Toboa kwanza kwa keekee kabla ya kupiga msumari, hasa karibu na ncha, la sivyo mti utapasuka na maji yataingia. Misumari iliyopakwa zinki haishiki kutu upesi. Asiyeweza kuipata afunge kwa waya.

Fito au mbao za kusimama ziachwe vidole vinne juu ya ardhi. Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu. Wanajenga nguzo nzuri, kisha wanazamisha fito udongoni ili vifaranga wasipite, na mchwa wanapata ngazi mia. Vifaranga wazuie kwa mstari wa mawe chini ya fito. Mawe hayaliwi.

Lango lisiwe zito bila sababu. Piga ubao mmoja wa mshazari, kutoka chini upande wa bawaba kwenda juu upande wa komeo. Ubao huo ndio unaobeba lango lisilale.

ASIYE NA MITIKI AFANYEJE

Mama mmoja alisimama mkutanoni akasema: "Mnasema msitu usikatwe, na mnasema nguzo ziwe za mtiki. Mwenye mitiki ni mwenye shamba kubwa. Sisi wengine mnatuachia mbuzi?" Mkutano ulinyamaza, na ilipasa unyamaze. Kama ua imara utakuwa wa wachache tu, basi wengine watarudi msituni usiku, na hakuna wa kuwalaumu.

Jibu la kwanza ni kisigino. Kwa kuwa ua hufia mguuni, si lazima nguzo nzima iwe ya mti mgumu. Chukua kipande cha kiini cha mtiki cha futi 4. Kizamishe futi 2, futi 2 zibaki juu. Kisha simamisha nguzo ya mkaratusi ubavuni mwake, ianzie vidole vinne juu ya ardhi, na uzifunge pamoja kwa boliti mbili, moja juu na moja chini. Nguzo moja ya mtiki ya futi 8 inatoa visigino viwili. Na baada ya miaka, mkaratusi ukichakaa, unafungua boliti unabadilisha juu tu, mguu unabaki.

"Na fedha za boliti?" mama yule aliuliza tena. Waya mnene uliozungushwa mara nne na kukazwa kwa kijiti, sehemu mbili, unafanya kazi hiyo. Utaulegea kidogo mti ukinywea, basi unakaza tena.

Kisigino chaweza pia kuwa cha zege: nguzo fupi ya inchi 5 kwa 5 yenye nondo mbili ndani, iliyoachiwa matundu mawili ya boliti. Udongo hauna la kukifanya.

Jibu la pili ni shamba la mitiki la Ushirika lililopandwa na wanachama wa mwanzo. Miti imebanana na inahitaji kupunguzwa. Mkutano umeamua kwamba miti ya kupunguza yenye kiini cha kutosha haitauzwa nje. Itakatwa visigino, na visigino vitaanza na nyumba za wajane, wazee wasiojiweza na wale wasio na shamba la mpakani. Wenye mitiki yao watasubiri. Walikuwapo walionung'unika, lakini kura zilihesabiwa mchana kweupe.

KUUTUNZA UA

Ua ukishasimama kazi haijaisha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, zunguka ua wako ukiwa na kisu. Choma kila nguzo mguuni. Kisu kikiingia kwa urahisi, hapo pana ugonjwa. Vunja vijia vya mchwa. Ondoa majani, maganda na takataka zilizoegemea fito, maana zinashika unyevu. Usirundike kuni wala mbolea uani ukiegemeza kwenye ua.

Na jambo jingine dogo lenye faida kubwa. Chora mwaka kwenye kila nguzo kwa chuma cha moto, kisha uje ofisini ndugu Katibu aandike: mti gani, umekatwa mwezi gani, umekaushwa muda gani, umesimamishwa lini. Nguzo ikianguka, njoo useme. Baada ya miaka 10 kijiji kitajua chenyewe, kwa udongo wake, mti gani unakaa na mti gani haukai. Mali bila daftari huisha bila habari.

MAAZIMIO YA MKUTANO

1. Nguzo za ua hazitakatwa tena kwenye msitu wa juu ya chemchemi. Mwenye shida aje Kamati ya Ujenzi kwanza, asiende msituni kwanza.

2. Mitaimbo miwili, keekee na msumeno wa Ushirika vitaazimwa kwa zamu. Anayeazima anatia sahihi na anarudisha siku ya tatu.

3. Patakuwa na msaragambo kila Jumamosi asubuhi mpaka masika yaanze, kujenga nyua za nyumba zilizotajwa kwanza. Kila nyumba itoe mtu mmoja. Vijana, hapa ndipo pa kujifunza kutumia timazi.

4. Kila nyumba itakayopata visigino itapanda miche 20 ya mtiki, hatua 3 kati ya mche na mche, mpakani mwa shamba. Isipandwe karibu na chemchemi. Chini ya mitiki majani mengine hayaoti vizuri na udongo huchukuliwa na mvua. Kwenye chemchemi tunaacha miti ya asili irudi yenyewe.

5. Wenye mbuzi watawafunga au kuwachunga mpaka nyua zote zitakapokuwa tayari. Mwenye miche hana kosa kwa sababu ua wake haujafika zamu.

Ndugu wanachama, mtiki unaopandwa mwaka huu utatoa kiini cha kutosha wakati watoto tunaowabeba mgongoni wameanza kujenga nyumba zao. Hatuwezi kuharakisha mti. Tunachoweza ni kuufanya ua wa leo udumu mpaka mti huo ukue, ili wao wasilazimike kupanda juu ya chemchemi kutafuta nguzo.

Jumamosi saa 1 asubuhi, tukutane penye ofisi. Kila mtu aje na jembe au panga lake.

Ni sisi, Kamati ya Ujenzi.